Kiwiko kimeumia: kanga shingoni, mganga wa mifupa, hospitali ya wilaya au boti?

Iddi pili, baada ya alasiri, kiwanja cha sikukuu cha Tibirinzi, hapa Pemba, kimejaa watoto wenye nguo mpya. Mpwa wangu, miaka sita, kajiachia kutoka kwenye pembea inayokwenda, akatua kwa kiganja, mkono umenyooka. Mpaka namfikia, kiwiko kimeshaumuka kama andazi. Tulipofika nyumbani tukapewa shauri nne kwa mpigo mmoja. Bibi yake alishatoa mafuta ya nazi: "Mleteni nimchue kabla damu haijaganda." Jirani alikuwa na namba ya mzee mmoja wa shamba anayeunga mifupa. Shemeji alitaka spitali ya wilaya. Na baba mtu, aliyekuwa Unguja kikazi, alikuwa kwenye simu anataka mtoto apandishwe boti ya asubuhi aletwe hospitali ya Mnazi Mmoja.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na hapakuwa na mjinga pale. Tangu siku ile nimekuwa nikiulizwa swali hilo hilo na wazazi wa watoto ninaowafundisha mpira, na hata na magolikipa wakubwa wanaoangukia viwiko kila wiki. Mimi ni mwalimu wa michezo wa skuli, si daktari. Niliyoyaweka hapa ni niliyojifunza kwa kuwauliza madaktari na kwa kukaa sana kwenye mabenchi ya kusubiria zamu.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu yupo anayesema kiwiko akakusudia kile kifundo kilicho karibu na kiganja, na kile kingine akakiita kisugudi, kivi au kiko. Hapa kiwiko ni pale mkono unapokunjika katikati. Ukimpigia mtu simu akusaidie, eleza hivyo hivyo. Ukifika kwa daktari, onyesha kwa kidole.

Tupime kwa nini?

Watu wengi hupima kwa umbali na bei. Kwa kiwiko, hasa cha mtoto, vipimo hivyo viwili vinakuja baada ya vitatu vingine.

Cha kwanza ni mishipa. Kivunjiko cha kiwiko kinachowapata watoto zaidi kuliko vyote, na zaidi kati ya miaka mitano na saba, ni cha mfupa wa mkono wa juu, kidogo tu juu ya kiungo. Mtoto huanguka kwa kiganja, mfupa ukakatika, na ncha yake ikasukumwa mbele. Hapo mbele ndipo unapopita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono mzima, pamoja na mishipa ya fahamu inayoendesha vidole. Uvimbe nao ukijikusanya ndani ya misuli ya mkono wa chini, au bandeji ikabana kwa nje, damu haipiti. Saa chache zinatosha misuli kufa. Matokeo yake ni mkono unaokunjamana kama ukucha wa ndege na haufunguki tena. Daktari wa Kijerumani, Richard von Volkmann, aliueleza ulemavu huu mwaka 1881 na akailaumu bandeji ya kubana. Bado unaitwa kwa jina lake.

Cha pili ni kuona ndani. Kiwiko cha mtoto mdogo kwa sehemu kubwa ni gegedu, yaani mfupa laini ambao haujawa mgumu, na gegedu halionekani kwenye eksirei. Vituo sita ambamo gegedu hugeuka mfupa hujitokeza kimoja kimoja, cha kwanza karibu na mwaka mmoja wa umri na cha mwisho karibu na miaka 11 au 12. Kwa hiyo hata mwenye picha mkononi anaweza kukosea. Anayepapasa kwa vidole juu ya uvimbe ana nafasi kubwa zaidi ya kukosea, hata awe na uzoefu wa miaka 40.

Cha tatu ni unyoofu, na hapa kuna imani inayotuponza. Tunasema mfupa wa mtoto hujinyoosha wenyewe akikua. Ni kweli kwa mfupa uliovunjika karibu na kiganja, na ni kweli karibu na bega. Kwenye kiwiko si kweli. Mfupa wa mkono wa juu hukua kwa asilimia 80 hivi upande wa begani, na upande wa kiwiko huchangia asilimia 20 tu. Ukiungana umepinda pale, hauna ukuaji wa kutosha wa kuurekebisha. Ndiyo maana unakutana na mtu mzima ambaye mkono wake, akiunyoosha, unaingia ndani kama kitako cha bunduki. Mkono huo kwa kawaida unafanya kazi, lakini alama haiondoki.

Cha nne ni muda na mfuko kwa pamoja: nauli, siku ya kazi, chakula cha anayeuguza. Cha tano ni kitakachofuata baada ya kufunguliwa, yaani mkono kukunjika na kunyooka.

Dakika kumi kabla ya kuchagua

Njia yoyote utakayoifuata, anza hapa. Vua bangili, saa na pete. Kama mtoto ana hirizi iliyofungwa mkononi, ifungue sasa, kabla uvimbe haujaizidi nguvu. Usiunyooshe mkono, mfunge kanga shingoni, mkono ukae vile vile alivyouchagua mwenyewe. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20. Ya ndoo ya samaki inatosha, hakuna atakayelalamikia harufu.

Halafu viangalie vidole. Mimi sasa nawaambia wazazi: kiache kiwiko, vitazame vidole. Vina joto kama vya mkono wa pili? Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi, muda wa kusema Bismillahi kwa utaratibu. Mpe mchezo: afumbe ngumi, ainue gumba juu, atanue vidole, kisha agusanishe ncha ya gumba na ya kidole cha shahada zifanye duara. Kila mchezo unapima mshipa wa fahamu tofauti. Duara ndilo linaloshindikana mara nyingi, na ndilo watu wasilolikumbuka.

Usimpe kula wala kunywa mpaka ijulikane kama atahitaji dawa ya usingizi. Siku ya Iddi hiyo ni vita, najua. Lakini tumbo lililojaa biriani linaweza kuchelewesha upasuaji kwa saa sita.

Njia ya kwanza: kanga shingoni, nyumbani

Hapa ni kupumzisha mkono, barafu, panadol kwa kipimo cha umri, na kungoja.

*Mishipa.* Njia hii haibani kitu, na huo ni ubora wake. Ila hakuna anayekagua ila wewe, na usiku utalala.

*Kuona ndani.* Huoni chochote. Unachokitegemea ni dalili moja nzuri: mtoto asiye na mfupa uliovunjika kwa kawaida hunyoosha mkono wake mwenyewe sawa na wa pili. Akiweza kuunyoosha kabisa, kuukunja kabisa na kugeuza kiganja juu na chini bila kilio, uwezekano wa kivunjiko ni mdogo. Akikataa kuunyoosha, humchukulii kuwa amejigonga tu.

*Muda na mfuko.* Bure. Mpaka saa 24 hadi 48, si wiki.

*Baadaye.* Kama ni kujigonga kweli, siku ya tatu atakuwa ameisahau kanga kwenye kochi.

*Inamfaa* mtoto aliyegonga kiwiko ukutani, mchezaji aliyejikwaruza kwenye changarawe, na mwenye maumivu ya zamani yasiyotokana na kuanguka. Haimfai aliyeanguka kutoka juu ya pembea, mwembe, mkarafuu au ukuta wa bahari pale Forodhani, Unguja, maji yakiwa yamekupwa.

Njia ya pili: mganga wa mifupa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapogombana.

Tunapomwendea mzee wa mifupa hatuendi kwa ujinga. Yuko karibu. Anakujua wewe ni mtoto wa nani. Anazungumza nawe nusu saa, jambo ambalo daktari mwenye foleni ya watu 60 hawezi. Anakuja nyumbani kesho na keshokutwa. Na kuna hofu ambayo bibi yake mpwa wangu aliitamka waziwazi: "Baba, spitali watamkata mkono." Hofu hiyo ina chanzo. Wapo waliokatwa. Lakini mara nyingi aliyekatwa alifika akiwa amechelewa, mkono umeshakufa, na kisu kikabeba lawama ya siku zilizotangulia.

Kazi ya mganga ina sehemu tatu, na si haki kuzitia kapu moja. Kuna dua na kisomo: havimdhuru mtu, na mtoto aliyetulia huumia kidogo. Kuna mabanzi ya mwanzi na kitambaa. Na kuna kuchua.

*Mishipa.* Mabanzi yanategemea yamekazwaje. Mfupa uliovunjika leo utavimba zaidi kesho, kwa hiyo kilichofungwa sawasawa jioni kinaweza kuwa kitanzi alfajiri. Muulize mzee: akilia usiku, nifungue mwenyewe? Akikujibu fungua mara moja, huyo anajua kazi yake. Akikuambia usiguse mpaka nije siku ya tatu, chukua mtoto wako.

*Kuona ndani.* Kwa kupapasa. Wapo wazee wanaotaka picha ya eksirei kwanza. Nawajua wawili, na wote wawili huwarudisha watoto wa kiwiko hospitali na kubaki na mguu na mbavu. Zanzibar ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga. Kumuuliza mtu usajili wake si kumvunjia heshima.

*Muda na mfuko.* Hufiki mbali, na malipo huzungumzika, mara nyingine kidogo kidogo. Gharama iliyojificha ni wiki mbili zikipita mfupa ukiwa umekaa vibaya, maana wa mtoto huanza kushikana upesi na kuurudisha baada ya hapo ni kazi nyingine kabisa.

*Baadaye.* Hapa ndipo kuchua kunaponishinda kukubali. Kiwiko kibichi kikichuliwa hulipiza kisasi. Misuli iliyovilia damu, ikisuguliwa na kunyooshwa kwa nguvu, inaweza kuotesha mfupa ndani yake. Kiungo kikishaota mfupa pasipo mfupa, kinaganda. Mafuta ya karafuu juu ya kiwiko kilichovimba leo hayana tatizo kwa sababu ya karafuu. Tatizo ni kidole gumba kinachoyapaka.

Waganga wana sifa ya kweli pia, na inatokana na jambo rahisi: vivunjiko vingi vya watoto havijasogea, na kisichosogea huungana ndani ya wiki tatu au nne, mradi kitulizwe. Hogo la hospitali, yaani plasta ngumu inayozunguka mkono, hufanya kazi kwa siri hiyo hiyo.

*Inamfaa* mwenye maumivu ya muda mrefu ya misuli, aliyekwisha kupiga picha na kuambiwa hakuna mfupa uliosogea, na familia inayohitaji mtu wa kuwatuliza wakati wa kupona. Mtoto aliyevimba leo asianzie hapa.

Njia ya tatu: hospitali ya wilaya

Miaka ya karibuni zimejengwa hospitali mpya za wilaya Unguja na Pemba, na umbali uliokuwa kisingizio umepungua. Kabla hujatoka, piga simu kwa mtu unayemjua pale uulize mambo mawili: mashine ya picha inafanya kazi leo, na mpigaji picha yupo?

*Mishipa.* Anayejua kazi atapima vidole kabla ya kufunga na baada ya kufunga. Siku za mwanzo hufunga plasta nusu, ya upande mmoja, na kuizungushia bandeji, ili uvimbe upate pa kwenda. Hogo zima juu ya kiwiko kinachoendelea kuvimba likatae kwa adabu, uliza kwa nini. Hogo likibana halijui kama limefungwa na daktari au na mganga. Mtoto akirudi nyumbani akawa anahangaika, akataka dawa ya maumivu kila baada ya muda mfupi, au akapiga kelele ukimnyooshea vidole, usingoje asubuhi.

*Kuona ndani.* Picha mbili, ya mbele na ya ubavu. Ipo tahadhari moja kubwa. Kivunjiko cha pili kwa wingi kwa watoto ni cha upande wa nje wa kiwiko. Kwenye picha huonekana kama chembe ya mkate, kwa kuwa sehemu kubwa ya kipande hicho ni gegedu. Hukosewa kwa urahisi, na kinaweza kuteleza ndani ya hogo. Kikiachwa, mkono huenda nje mwaka hadi mwaka, na miaka mingi baadaye kidole cha mwisho kinaanza kufa ganzi. Ndiyo maana picha ya pili baada ya wiki moja ina thamani kuliko watu wanavyodhani. Iombe, hata ukionekana msumbufu.

*Muda na mfuko.* Matibabu bila malipo katika hospitali za serikali ni sera ya tangu zama za Mapinduzi, lakini beba fedha za nauli ya kurudi na za dawa itakayokosekana ukainunue dukani.

*Baadaye.* Wiki tatu hivi kwa kivunjiko ambacho hakijasogea. Mkono ukifunguliwa utakuwa mgumu, na mtoto ataulegeza mwenyewe kwa kucheza. Ile desturi ya kumbebesha ndoo ya maji ili unyooke, iacheni. Inafanya kinyume.

*Inamfaa* karibu kila mtoto aliyeanguka na kuvimba, kama mlango wa kwanza. Inamfaa pia golikipa ambaye kiwiko kimeteguka, mradi pawe na dawa ya kumtuliza kabla ya kukirudisha.

Kuna jambo dogo hapa ambalo watu hulikuza. Mama anamvuta mtoto wa miaka miwili mkono apande daladala, au anamwokoa asianguke ngazi za boti. Mtoto analia kidogo, kisha mkono unaning'inia ubavuni, hautumii. Hakuna uvimbe. Hapo kichwa cha mfupa mmoja wa mkono wa chini kimechomoka kidogo kwenye mkanda wake. Hutokea zaidi kati ya mwaka mmoja na minne. Mhudumu anayejua hugeuza kiganja, anakunja kiwiko, panasikika mlio mdogo, na ndani ya robo saa mtoto ananyoosha mkono huo huo kuchukua peremende. Hata kituo cha afya bila picha kinaweza, na mzee mwenye mkono mwepesi pia. Ila kama ameanguka, au kuna uvimbe, si hili, na kuligeuza ni kumuumiza bure.

Njia ya nne: upasuaji, na pengine boti

Unguja ni Mnazi Mmoja. Pemba, wengi huanza na Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, ambako hufanya kazi pia madaktari wa Kichina. Timu zao zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964. Yaliyo magumu zaidi hupewa rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

*Mishipa.* Ndiyo njia pekee yenye jibu pale mkono unapokuwa mweupe na wa baridi. Lakini Pemba kuna bahari, na boti haziondoki saa unayotaka wewe. Kwa mkono mweupe, nenda hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji. Wao waanze kuurudisha mfupa na wao wapange safari. Mkono ulio mwekundu kwa damu inayopita, wenye joto, wenye vidole vinavyocheza, hata kama mfupa umesogea, kwa kawaida unaweza kungoja asubuhi ukiwa umefungwa plasta nusu na kukaguliwa usiku. Tofauti hiyo ndiyo iliyomtuliza baba mtu kwenye simu.

*Kuona ndani.* Daktari wa mifupa atakutajia madaraja. Yametokana na uainishaji wa daktari Gartland wa mwaka 1959. Daraja la kwanza halijasogea, hogo linatosha. La pili limepinda ila upande wa nyuma bado umeshikana, na hapo madaktari hujadiliana. La tatu limeachana kabisa. Hili la tatu, na mengi ya la pili, hurudishwa mtoto akiwa usingizini, kisha waya mbili au tatu hupitishwa kwenye ngozi kushikilia mfupa. Mara nyingi hakuna mpasuko. Uliza kama chumba cha upasuaji kina mashine ya kuonyesha picha papo hapo. Bila hiyo kazi ni ngumu zaidi.

*Muda na mfuko.* Hapa ndipo fedha huondoka: boti, pa kulala kwa jamaa, mzazi mmoja nje ya kazi. Ukiwa umefika na picha na barua ya hospitali ya wilaya, unapunguza siku moja ya kuanza upya.

*Baadaye.* Waya huchomolewa baada ya wiki tatu hadi nne, kwa kawaida bila kulazwa tena. Mshipa wa fahamu uliopata ganzi mara nyingi hurudi wenyewe ndani ya miezi mitatu hadi sita. Usikubali kukata tamaa wiki ya pili.

*Inamfaa* mfupa uliosogea, mfupa uliotoboa ngozi, mkono usio na mapigo, na mkono uliokwisha kuungana vibaya ambao familia inataka unyooshwe. Haimfai mtoto ambaye picha imeonyesha daraja la kwanza na baba yake ana wasiwasi tu.

Mpwa wangu alipita milango miwili. Usiku ule plasta nusu wilayani, vidole vyekundu, mimi na bibi yake tukipeana zamu ya kubonyeza kucha. Asubuhi akatiwa waya mbili. Bibi hakuchua; alisoma.

Wachezaji wakubwa

Vipimo ni vile vile, ila uzito unahama. Adui wa kiwiko cha mtoto ni kupinda, adui wa kiwiko cha mtu mzima ni kukakamaa. Golikipa aliyeteguka, ncha ya kiwiko ikachomoza nyuma, arudishwe hospitali chini ya dawa, apigwe picha kabla na baada, halafu asifungwe zaidi ya wiki moja au mbili ikiwa hakuna kivunjiko. Aliyefungwa zaidi ya wiki tatu kwa nia njema hurudi uwanjani na mkono usionyooka. Kucheza tena kwa kugongana huwa ni baada ya miezi miwili hadi mitatu. Hapa kwetu tunawarudisha baada ya mwezi kwa sababu ligi ya mtaa inakwisha, na nimo katika lawama hiyo.

Maumivu ya upande wa nje yasiyotokana na kuanguka, yanayozidi ukishika birika, madaktari huyaita kiwiko cha tenisi. Wengi ninaowajua wenye nayo hawajawahi kushika raketi: seremala, mvuta nyavu, mama anayekuna nazi nne kila siku. Hapa kanga na mganga wanashindana vizuri na hospitali, kwani hakuna mfupa wa kuunga. Kuchua kwa upole hutuliza. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya mkono wa chini husaidia zaidi, na wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila upasuaji. Sindano ya steroidi ina utamu wa haraka, wiki chache za nafuu, lakini ukipima baada ya mwaka waliochomwa huwa nyuma ya waliofanya mazoezi. Mchezaji mwenye fainali Jumapili anaweza kuitaka hata hivyo. Ni haki yake, ajue tu bei yake.

Warushaji wa umri wa miaka 10 hadi 14, wa mkuki au wa mpira wa kriketi, wakiumwa upande wa ndani wa kiwiko, waache kurusha wiki nne hadi sita. Hapo si kano la mtu mzima lililochoka, ni mfupa unaokua unaovutwa. Na kijana akikuambia kaona mtandaoni ule upasuaji aliofanyiwa mrushaji wa besiboli Tommy John huko Marekani mwaka 1974, mwambie ulikuwa wa mtu aliyekatika kano la ndani akitaka kurusha tena kwa kasi ile ile. Golikipa wa Gombani haumhusu.

Kwa hali uliyonayo sasa hivi

Vidole vyeupe, vya baridi au vilivyokufa ganzi, au mfupa umetoboa ngozi: usilinganishe tena. Hospitali ya karibu yenye upasuaji, sasa hivi. Kama tayari amefungwa na aliyefunga hayupo, fungua bandeji au mabanzi mpaka kwenye ngozi ukiwa njiani.

Ameanguka, amevimba, hanyooshi mkono, vidole vizuri: hospitali ya wilaya leo hii, tumbo tupu. Ukiwa kijiji cha mbali na ni usiku wa manane, kanga shingoni, kagua kila saa, na utoke alfajiri gari ya kwanza.

Picha imeonyesha mfupa umesogea, mko Pemba, vidole vyekundu: ulizeni Mkoani kwanza kama daktari wa mifupa yupo. Akiwepo hakuna haja ya bahari. Asipokuwepo, boti ya asubuhi mkiwa na barua.

Wa miaka miwili aliyevutwa mkono, hana uvimbe: kituo cha afya cha shehia.

Picha safi, maumivu yamebaki, na bibi ana hamu ya kusaidia: ngoja uvimbe uishe, kisha mafuta ya nazi juu ya ngozi, kwa kiganja, bila gumba.

Golikipa wa miaka 25 ambaye kiwiko kimerudishwa wiki mbili zilizopita na bado kiko kwenye kanga: kitoe leo, aanze kukunja na kunyoosha mwenyewe mara kadhaa kwa siku, na jina lake lisiwemo kwenye orodha ya Ijumaa.